Kufyeka vichaka kabla ya moto: mkataba, makubaliano ya ushirikiano au ruzuku?

Mlinzi wa Mteremko: Habari za wakati huu, ndugu zangu. Chama chetu kisicho cha kibiashara, nchini Marekani, kinapanga kufyeka vichaka na kupunguza miti midogo inayolisha moto karibu na msitu wa taifa. Sehemu ya ardhi ni ya serikali kuu na nyingine ni ya wakazi. Kila ofisa tuliyemwendea ametaja utaratibu tofauti wa fedha. Tuanzie wapi?

Karani wa Zabuni: Ndugu, msianze na jina la hati, kwa sababu sheria ya 1977 inayotenganisha hati hizi huangalia lengo kuu la uhusiano wenu na serikali. Serikali ikijinunulia huduma kwa manufaa yake yenyewe, hapo ni mkataba wa manunuzi. Ikiwasaidia kutimiza jambo lenye manufaa kwa umma, hapo ni ruzuku, na iwapo maofisa wake watashiriki kwa kiasi kikubwa katika utekelezaji, yanakuwa makubaliano ya ushirikiano. Kwa hiyo ardhi ya wakazi inaelekea kwenye ruzuku. Ile ya serikali ni suala jingine, nami ningeshauri muigawe kazi mapema badala ya kulazimisha yote iingie katika hati moja.

Mzee wa Misitu: Naunga mkono. Kwa ardhi ya serikali, ulizeni pia kuhusu mikataba ya utunzaji wa misitu, iliyopewa mamlaka ya kudumu na sheria ya kilimo ya 2014, ambamo thamani ya magogo yanayotolewa hufidia sehemu ya gharama za kazi. Utaratibu huo una faida pale tu penye miti inayouzika. Vichaka vitupu havilipi chochote. Sheria hiyohiyo iliziruhusu serikali za majimbo kufanya kazi ya namna hii katika misitu ya taifa, na mwaka 2018 kaunti na makabila ya wenyeji yakaongezwa, hivyo huenda jimbo lenu likawa mshirika mwepesi zaidi kuliko mnavyodhani.

Lolote mtakalosaini, andikeni kwa vipimo: urefu wa visiki, unene wa miti inayobakizwa, nafasi kati ya matawi ya juu ya mti mmoja na mwingine, na hasa nani atachoma mirundo ya vichaka na miti iliyokatwa na lini. Mirundo ikiachwa, kuni zimehamishwa tu kutoka mahali pamoja hadi pengine, na moto utazikuta zimekauka.

Mlinzi wa Mteremko: Asanteni sana. Kwa upande wa wakazi, je, saa za watu wanaojitolea zinaweza kuhesabiwa kama mchango wetu, yaani sehemu ya gharama tunayotakiwa kubeba wenyewe?

Karani wa Zabuni: Kwa kawaida ndiyo, mradi zisiwe zimehesabiwa katika ruzuku nyingine ya serikali kuu na thamani ya kila saa iendane na malipo ya kazi kama hiyo. Chini ya mpango wa ruzuku za kuzikinga jamii dhidi ya moto wa porini uliotokana na sheria ya miundombinu ya 2021, mradi huweza kuomba hadi dola milioni 10 na mchango wa kawaida ni asilimia 25, ingawa jamii zenye uhitaji zinaweza kusamehewa. Mpango huo haugusi ardhi ya serikali kuu. Tunzeni daftari la mahudhurio lenye jina, tarehe, saa na kazi iliyofanywa, litiwe saini siku ileile. Ulizeni pia kama fedha hurejeshwa baada ya kutumika, maana chama kidogo kisicho na akiba hushindwa kumlipa mkandarasi kikisubiri.