Pikipiki ya umeme 72V inatetemeka bila kuondoka: ni kontrola kweli?

Mtetemo72
Wakuu habari. Pikipiki ni ya umeme, mota iko ndani ya gurudumu la nyuma, betri ni lithiamu ya 72V (ikijaa inasoma 84V), kontrola (kisanduku kinachogawia mota umeme) ina mosfeti 18, yaani swichi za kielektroniki. Tangu ioshwe kwa maji ya presha, ukivuta eksileta inatetemeka na kuguruma palepale. Ukiisukuma kwa miguu inashika na kwenda, ila haina nguvu, na ikisimama tu balaa linaanza upya. Taa, honi na dashibodi viko sawa. Fundi anasema kontrola imeungua, ninunue mpya. Kabla sijatoa hela nipime nini?

WayaTatu
Usinunue kwanza. Mosfeti zikiungua mara nyingi hupiga shoti, na pikipiki yenye shoti hata kuisukuma ni shida: gurudumu linakuwa zito na linakwenda kwa kukwamakwama hata funguo ikiwa imezimwa. Hilo unalipima bila mita. Chomoa betri, inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono. Likiwa zito, chomoa waya tatu nene za fezi zinazotoka kontrola kwenda mota, ukizitenganisha zisigusane, kisha zungusha tena. Likilegea, shoti iko ndani ya kontrola. Likibaki zito vilevile, tafuta kwenye mota yenyewe au waya zake (na hakikisha si breki inayobana).

Kwa dalili zako nashuku sensa za Hall. Ni tatu, zimo ndani ya mota, na kazi yake ni kuiambia kontrola sumaku ziko wapi ili ijue fezi ipi ipewe umeme. Kontrola nyingi za sasa zinaweza kukisia zenyewe mota ikishapata mwendo, ndiyo maana ukisukuma inashika.

Plagi ya Hall ina waya tano nyembamba: nyekundu 5V, nyeusi hasi, kisha njano, kijani na bluu za ishara. Usiichomoe. Rudisha betri, washa funguo, usiguse eksileta, ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya plagi:
- Nyekundu na nyeusi: iwe karibu 5V.
- Nyeusi na kila ishara kwa zamu, huku gurudumu likizungushwa polepole kwa mkono: isomeke karibu 0, kisha karibu 5V, kisha 0, bila kuruka. Inayoganda upande mmoja ndiyo mgonjwa.

Kasi100
Badilisha tu mpangilio wa rangi za fezi mpaka ikae sawa. Ziko tatu tu.

Omu_Sheria
@Kasi100 hapana. Pikipiki ilikuwa inatembea na hakuna aliyegusa rangi, kwa hiyo mpangilio uko sahihi. Fezi tatu zina mipangilio 6, ishara za Hall nazo 6, jumla 36. Katika iliyokosewa, ipo inayozungusha mota lakini kwa ampea nyingi mno. Mota inachemka, kontrola inachemka, halafu unapata mosfeti zilizoungua kweli.

Kwa mwenye swali: WayaTatu yuko sawa, ila mimi ningeanza na plagi za fezi kabla ya Hall. Fezi moja ikikatika dalili ni hizihizi, mtetemo na kukosa nguvu. Vua mipira uangalie kama kuna plastiki iliyoyeyuka au shaba iliyogeuka kijani. Ukizikuta safi, pima koili: fezi zikiwa zimechomoliwa, weka mita kwenye volti za AC, zungusha gurudumu kwa kasi ileile, soma kati ya jozi zote tatu. Zilingane. Kupima omu kwa mita ya kawaida hakutoshi hapa: kutaonyesha koili iliyokatika kabisa, lakini si iliyopiga shoti; ukinzani wa koili ni mdogo mno, chini ya omu moja, na mita itakuonyesha karibu sifuri kwa koili nzima na iliyopiga shoti.

Ili fundi wako aridhike, pima mosfeti pia. Chomoa betri, kisha toa chaji iliyobaki kwenye kapasita kwa kugusisha balbu ya zamani ya 220V, ile ya nyuzi, kati ya waya nene nyekundu na nyeusi za kontrola. Usitumie bisibisi. Weka mita kwenye alama ya daiodi:
- Ncha nyekundu kwenye hasi nene, nyeusi kwenye kila fezi: 0.4 hadi 0.6.
- Ncha nyeusi kwenye chanya nene, nyekundu kwenye kila fezi: vilevile.

Fezi zote tatu zifanane. Inayotoa 0.00 na mlio imepiga shoti. Kwenye kontrola ya mosfeti 18 zimefungwa tatutatu kwa kila mkono (kila fezi ina mikono miwili, mmoja kwenda chanya na mmoja kwenda hasi), kwa hiyo moja ikipiga shoti zote tatu zinasoma shoti mpaka uzifungue.

Mtetemo72
Nimerudi. Gurudumu jepesi. Plagi za fezi safi, volti za AC zinalingana. Daiodi zote sita 0.48 au 0.49. Hall: nyekundu 4.9V, njano na kijani zinacheza, bluu imeganda kwenye 4.9V hata nizungushe vipi.

WayaTatu
Basi kontrola iache. Mzunguko wa Hall una hatua 6. Bluu ikibaki juu muda wote, hatua 3 zinasomeka vibaya, na katika moja kati ya hizo ishara zote tatu zinakuwa juu kwa pamoja, hali ambayo kwa mota hizi haipaswi kutokea. Gurudumu likisimama hapo, kontrola inagoma.

Sasa chomoa plagi ya Hall upime bluu upande wa kontrola. Ukipata karibu 5V, ni ya kontrola yenyewe na iko sawa: sensa kazi yake ni kuivuta chini tu. Kwa hiyo ama waya wa bluu umekatika ama sensa imekufa. Kagua kwanza pini ya bluu kama imerudi nyuma ndani ya plagi, kisha pale waya unapoingia kwenye ekseli, ndipo unapokatwa na nati. Rudisha plagi, utikise waya hapo mita ikiwa imeunganishwa. Ikicheza, kata, lehemu, vika mpira wa kusinyaa kwa joto.

Omu_Sheria
Isipocheza, fungua mota. Weka alama kati ya kifuniko na gamba kabla ya kulegeza bolti, na tumia puli (kifaa cha kuvuta kifuniko kitoke). Sumaku zina nguvu za kukata kidole. Sensa zinazotumika sana ni 41F. Badilisha zote tatu kwa mkupuo, maana gharama iko kwenye kufungua, si kwenye sensa. Upande wenye maandishi uelekee ulikoelekea wa zamani. Ukiutazama huo, miguu chini, kushoto ni 5V, katikati hasi, kulia ishara. Gundi iwe epoksi inayovumilia joto.

Maji nayo hufuata waya hadi ndani ya ekseli, kwa hiyo uache waya uning'inie chini kidogo kabla haujapanda kuingia. Na usifunge kifuniko kabla ya kujaribu: unganisha plagi, washa funguo, pitisha sumaku juu ya kila sensa, ncha moja kisha ya pili. Lazima ishara ibadilike kwa ncha zote mbili, kwa kuwa 41F hubaki ilipo mpaka iguswe na ncha ya upande wa pili.