Siku mbili Anuradhapura: nianzie wapi, na nijiweke vipi mbele ya mahujaji?

Swali

Salamu kwenu nyote. Mwezi Juni nitakuwa Sri Lanka, na nimetenga siku mbili kwa ajili ya Anuradhapura, mji wa kale ulio mtakatifu kwa Wabudha. Mimi si Mbudha, lakini sipendi kupita pale kama mtu anayehesabu magofu. Natamani kufahamu kinachowavuta mahujaji, na nisimkwaze mtu kwa mavazi wala kwa mwenendo wangu. Je, nianzie wapi? Na sikukuu ya Poson, ambayo kwa kawaida huwa mwezi huo, niifuate au niikwepe?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, anzia kwenye mti. Watu wengi hukimbilia stupa kubwa, yaani majengo ya Kibudha yenye umbo la kuba yanayohifadhi masalia matakatifu, kwa sababu zinaonekana kutoka mbali, ilhali moyo wa mji ni Jaya Sri Maha Bodhi, mti uliooteshwa kutokana na tawi la ule ambao Buddha alipata mwangaza wa kiroho chini yake huko Bodh Gaya, India. Kwa mujibu wa mapokeo, tawi hilo lililetwa na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka wa India, likapandwa mwaka 288 KK, na tangu hapo halijakosa watu wa kulitunza, hata katika karne ambazo mji ulihamwa na msitu ukazifunika stupa. Usitarajie mti mnene wa kutisha; utaona matawi membamba yanayoegemezwa kwa nguzo, ndani ya uzio wa rangi ya dhahabu. Kaa kitako pembeni, utazame wanaokuja.

Kutoka hapo unakwenda kwa miguu hadi Ruwanwelisaya, stupa nyeupe ya mfalme Dutugemunu, ambayo ukuta wake umezungukwa na sanamu za tembo. Stupa ya Jetavanaramaya iwe ya jioni: ilianzishwa na mfalme Mahasena, aliyetawala kuanzia mwaka 273 hadi 301, na ilipokamilika ilikuwa na urefu wa mita 122 hivi, yote ya matofali. Abhayagiri, stupa nyingine kubwa, iko mbali kidogo upande wa kaskazini, kwa hiyo kodi baiskeli au panda bajaji.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu mti. Kuhusu Poson, najua wengi watakushauri uikwepe kwa sababu ya msongamano na uhaba wa vyumba, lakini kwa mtu aliyeuliza kama wewe, mimi nasema nenda. Sikukuu hiyo ya mwezi mpevu ni kumbukumbu ya kuwasili kwa Mahinda, kaka yake Sanghamitta, aliyekutana na mfalme Devanampiya Tissa katika mlima wa Mihintale, kilomita zipatazo 12 mashariki ya mji. Utawaona wazee waliovaa nyeupe wakipanda ngazi zake 1,840 polepole, na barabarani watu wakigawa chakula na vinywaji bure kwa kila apitaye. Ila weka nafasi ya malazi miezi kadhaa kabla.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Naomba nieleweshwe jambo moja zaidi: je, asiye Mbudha anaruhusiwa kutoa maua, na picha je?

Jibu la tatu

Maua unaruhusiwa, dada au kaka, na hakuna atakayekuuliza dini yako. Utayanunua karibu na lango, mara nyingi ni ya yungiyungi. Usiyanuse kabla ya kuyaweka, kwa maana yale ni sadaka, na harufu yake haikukusudiwa wewe. Ukiizunguka stupa, iache iwe upande wako wa kulia. Picha za majengo hazina tatizo, lakini usisimame ukiipa mgongo sanamu ya Buddha ili upigwe picha. Jambo hilo huwaumiza wenyeji kweli kweli. Funika mabega na magoti, vua kofia na viatu, na chukua soksi nene, kwa sababu sakafu za mawe huwaka tangu saa nne asubuhi. Mimi ningefika kwenye mti saa kumi na mbili asubuhi, mawe yakiwa bado baridi.