White Sox waliburuza mkia 2024, mbona drafti ya 2025 wakachagua namba 10?

Kinda_wa_Temeke
Wakuu habari za jioni, naombeni mnieleweshe hili maana linanisumbua kweli. Besiboli ya Marekani hakuna kushuka daraja, timu mbovu inafidiwa kwa kuchagua vijana mapema kwenye drafti, hapo nimeelewa. Sasa Chicago White Sox msimu wa 2024 walipoteza mechi 121 kati ya 162, zama hizi haijawahi kutokea timu ikapoteza nyingi hivyo, halafu drafti ya Julai 2025 wanachagua namba 10?? Namba 1 wakapewa Washington Nationals wakamchukua dogo wa miaka 17, Eli Willits. Hii imekaaje? Na je dogo wa huku kwetu anaweza kuingia kwenye hiyo drafti?

pitcha_mstaafu
Mkuu zamani ilikuwa hivyo unavyofikiria, mbovu kuliko wote anaanza. Ila timu zikawa zinashutumiwa kwamba zinakubali kupoteza msimu mzima ili zipate kijana mkali, ndo kuanzia drafti ya 2023 wakaweka bahati nasibu ya nafasi 6 za mwanzo. Timu 18 zilizokosa mtoano zote zinaingia, na zile 3 mbovu zaidi kila moja ina asilimia 16.5 tu ya kupata namba 1. Halafu kuna sheria nyingine, timu ya soko kubwa inayochangia mfuko wa kugawana mapato hairuhusiwi kupata nafasi za bahati nasibu miaka miwili mfululizo. White Sox 2024 walishachagua namba 5, kwa hiyo 2025 juu kabisa wangeishia 10 hata wangepoteza mechi zote

Southside_Mbongo
Mimi niko Chicago na iliniuma sana. Sheria inamlenga tajiri anayezembea sawa, lakini anayeumia ni shabiki aliyelipia tiketi akaangalia vipigo 121, na mechi zile hawezi kurudishiwa. Binafsi naona wangeweka kikomo cha namba 7 hivi, 10 ni mbali mno

pitcha_mstaafu
Nakuelewa kaka, ila namba 1 nayo sio dawa ya haraka. Pirates 2023 walimchukua mrushaji Paul Skenes wa chuo kikuu cha LSU wakampa bonasi ya dola milioni 9.2, Mei 2024 tayari yuko ligi kuu, 2025 kabeba Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi, na bado Pirates wakamaliza mkiani mwa kundi lao! Huyo mwenyewe ni wa kipekee, wengi wanazunguka ligi ndogo miaka kadhaa, wanapanda ngazi moja moja na mabasi ya usiku, na wengi wao hawafiki kabisa. Upande mwingine Mike Piazza alichaguliwa raundi ya 62 mwaka 1988, leo yuko Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa besiboli. Siku hizi raundi ni 20 tu, kijana kama yule asingetajwa kabisa na hilo ndilo linanisikitisha kuliko bahati nasibu

Nakawa_Slugger
Swali la pili nijibu mimi niko Kampala. Drafti ni ya wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico, kwa hiyo dogo anayeishi huku hachaguliwi, anasainiwa moja kwa moja na timu kuanzia miaka 16 kama wanavyofanyiwa madogo wa Jamhuri ya Dominika. Dodgers 2022 walisaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Njia nyingine ni apate shule au chuo kule Marekani, hapo anahesabika kwenye drafti kama wenzake. Dennis Kasumba mdakaji wetu alienda 2023 kucheza timu ya Frederick Keys kwenye ile ligi ya vijana wanaosubiri drafti. Kama una dogo anarusha vizuri mlete Kampala skauti wamuone, huku wanapita

Kinda_wa_Temeke
Asanteni sana wakuu. Nakawa nakuja PM, kuna dogo wa miaka 14 anarusha hatari