Namna salama ya kuning'iniza taa nzito juu ya miche ndani ya chumba

Mkulima wa Ngaramtoni

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Ninaotesha miche ya nyanya na pilipili hoho katika chumba cha uani hapa Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha. Kwa kuwa mwezi Juni na Julai mawingu hututanda mara nyingi kutwa nzima, na dirisha la chumba ni dogo, nimenunua taa 2 za sodiamu za wati 600 ambazo zimekwisha kutumika. Kila taa imefungwa pamoja na balasti yake ya chuma (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye balbu) ndani ya kasha moja lenye kiakisi cha bati, na nilipoipima kwenye mizani ya duka la nafaka ilifika kilo 14.

Dari ya chumba ni ya jipsamu, na juu yake kuna kenchi za mbao na mabati. Jirani yangu anasema kwamba fisha za plastiki na ndoano 2 kwa kila taa zinatosha, lakini nasita, kwa sababu chini ya taa hizo kutakuwa na trei zenye maji, na kila asubuhi mimi au mke wangu tutakuwa tumeinama hapo. Naomba mnisaidie: nizishikize wapi, nitumie mnyororo au kamba, na nitazipandishaje kadiri miche inavyorefuka bila kubeba kilo 14 nikiwa nimesimama juu ya stuli?

Seremala wa Majengo, Moshi

Ndugu yangu, umefanya vyema kusita. Jipsamu ni unga uliogandishwa katikati ya karatasi mbili, na fisha ikiwekwa humo haishiki chochote cha kutegemewa. Itavumilia wiki kadhaa, kisha siku moja utakapoivuta taa kidogo ili kuishusha, kipande cha dari kitakuja pamoja nayo. Wala usishikize kwenye vipapi vyembamba vinavyobeba dari, kwa maana hivyo vimepigiliwa kwa misumari kutoka chini, na msumari unaovutwa kuelekea ulikoingilia huchomoka taratibu bila kutoa ishara.

Panda darini ukiwa na tochi, utafute mbao za chini za kenchi, zile za mbili kwa nne, na uzikague kama zina mchwa, ufa au fundo kubwa mahali unapokusudia kutoboa. Tumia skrubu zenye jicho lililofungwa, zenye unene usiopungua milimita 6, ambazo nyuzi zake zitaingia ndani ya mbao yenyewe kwa milimita 50 au zaidi baada ya kupita unene wa dari. Toboa kwanza tundu la milimita 4 hivi katikati ya upana wa mbao, kwa sababu skrubu nene ikilazimishwa bila tundu hupasua mbao, na mbao iliyopasuka ukingoni haina nguvu hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Minyororo ishuke wima. Watu wengi hufunga mnyororo kwenye jicho moja la juu na kuutawanya kwenda kwenye pembe mbili za taa ili kuokoa skrubu, bila kujua kwamba kadiri minyororo inavyolala ndivyo kila mmoja unavyobeba mzigo mkubwa zaidi: ukiinama nyuzi 60 kutoka wima, kila mnyororo unabeba uzito wote wa taa peke yake. Kwa hiyo weka majicho 2 kwa kila taa, yaliyoachana kwa umbali sawa na ule wa vishikizo vya taa, na kila jicho liwe na uwezo wa kubeba taa nzima likibaki peke yake.

Kabla ya kupandisha taa, jaribu. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi ning'iniza kwenye kila jicho ndoo ya lita 20 na nyingine ya lita 10, uziache usiku kucha, kisha asubuhi uangalie kama skrubu imesogea au mbao imepinda. Ukiona mbao za kenchi zako hazikuridhishi, usijidanganye. Mpe fundi wa kuchomelea kazi ya kutengeneza fremu ya paipu za mraba yenye miguu minne, isimame sakafuni na kufungwa ukutani isiyumbe. Mimi binafsi ningeanza na fremu hata kama kenchi ni nzima, kwa kuwa paa halikujengwa kwa ajili ya kazi hii, na fremu unaweza kuihamisha.

Fundi Umeme wa Sakina

Nakubaliana na fundi hapo juu, ila nadhani tumeanza na ndoano wakati swali la kwanza ni uzito. Sehemu kubwa ya kilo hizo 14 ni balasti, yaani chuma na shaba, na haina sababu yoyote ya kukaa juu ya vichwa vya watu. Ikitolewa ndani ya kasha na kufungwa ukutani, juu ya ubao usioshika moto na mbali na maji, kitakachobaki kikining'inia ni kiakisi, kishikizo cha balbu na balbu yenyewe. Kazi hiyo usiifanye mwenyewe. Wakati wa kuwasha, kiwashio cha taa ya sodiamu hutoa mapigo ya volti elfu kadhaa, kwa hiyo waya kati ya balasti na balbu lazima uwe wa aina inayostahimili hali hiyo, na usiwe mrefu kupita kiasi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Taa mbili za wati 600, ukijumlisha na kile kinachopotea ndani ya balasti, zitavuta karibu ampea 6 kwenye umeme wetu wa volti 230. Soketi nzuri inaweza hilo, lakini ekstensheni nyembamba iliyoviringishwa sakafuni itapata moto. Kiakisi ni cha bati, hivyo waya wa ethi ni wa lazima, na katika chumba chenye maji mzunguko huo uwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja miliampea 30. Waya wa umeme usibebe uzito hata kidogo: uufunge kando ya mnyororo ukiwa umelegea, na kabla haujafika kwenye soketi uuache ushuke chini ya soketi kisha upande tena, ili tone la maji linalotambaa juu ya waya lidondoke hapo badala ya kuingia ndani.

Unapotaka kusogeza taa, zima, chomoa plagi, kisha subiri nusu saa. Balbu ya sodiamu ina joto la mamia ya nyuzi, na tone moja la maji likiigusa ikiwa moto linaweza kuipasua. Kapasita ya balasti nayo inaweza kubaki na chaji baada ya umeme kukatwa, kwa hiyo kasha lisifunguliwe ovyo.

Mama Miche, Kibosho

Mwanangu, nimesoma yote na nina neno moja kuhusu kupandisha na kushusha, kwa sababu nimelea miche chini ya taa kwa muda mrefu. Taa isiguswe. Iweke kwenye kimo kimoja, kisha usogeze miche. Panga matofali chini ya benchi la trei, na kadiri miche inavyorefuka uondoe tofali moja kila upande, ukianza kwa kuteremsha trei sakafuni ili usinyanyue benchi likiwa na mzigo. Nyanya na hoho huondoka kwenye trei baada ya wiki 4 hadi 6 hivi zikiwa bado fupi, kwa hiyo tofauti ya kimo unayohitaji si kubwa.

Umbali upimwe kutoka kwenye balbu hadi ncha ya juu ya majani, si hadi kwenye udongo. Kwa taa ya wati 600 juu ya miche michanga anza na mita moja, uweke mgongo wa mkono wako usawa wa majani kwa nusu dakika, na kama joto linakukera wewe, jani nalo linaumia. Kisha iangalie miche yenyewe. Ikirefuka ikawa myembamba na kulegea, mwanga ni hafifu, isogeze juu. Majani yakipauka au kujikunja kingo kuelekea juu, iteremshe. Usogeze kidogo kidogo na usubiri siku mbili tatu kabla ya kusogeza tena, kwa sababu ukikata umbali kwa nusu mwanga hauongezeki mara mbili tu, unaweza kukaribia mara nne.

Mkulima wa Ngaramtoni

Shikamoo Mama Miche, na asanteni sana ninyi mafundi. Nimeamua kuweka fremu ya paipu, balasti ziende ukutani na matofali yawe chini ya benchi. Limebaki jambo moja: kwa kuwa taa sasa zitakuwa nyepesi, je, kamba ya nailoni inatosha badala ya mnyororo, na kuna haja ya kuwa na kishikizo cha pili?

Seremala wa Majengo, Moshi

Nailoni usiitumie hapo. Karibu na joto hulainika na kurefuka, na fundo lake huteleza, hivyo taa itainama upande mmoja polepole. Weka mnyororo, na upige rangi pingili unazotumia pande zote mbili ili taa ikishushwa kwa usafi irudi ikiwa sawa.

Kishikizo cha pili ndiyo, kiwepo. Pitisha waya wa chuma uliosokotwa kutoka kwenye kasha la taa hadi sehemu nyingine ya fremu, si kwenye jicho lilelile, na uache ulegevu mdogo tu, kwa kuwa taa ikianguka hata nusu mita kabla ya kudakwa, mshtuko wake unazidi uzito wake mara nyingi. Kuungia, hapa Moshi karabina za wapanda mlima, yaani pete za chuma zenye mlango wa kufunga, hazikosekani. Chagua zilizochongwa alama ya kN, ambapo kN 1 ni sawa na uzito wa kilo 100 hivi, na uziache zile ndogo za kufungia funguo. Baada ya wiki ya kwanza, taa zikiwa zimezimwa na kupoa, kaza boliti zote za fremu upya, kwa maana joto la mchana na baridi ya usiku huzilegeza.