Je, kiwambo cha sauti hupunguza kasi ya risasi, au ni kanuni ya mchezo tu?

Mlenga_Shabaha ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikicheza Arma 3, mchezo wa vita wa kompyuta, kwa muda mrefu, na siku hizi ninacheza pia Arma 2 na Battlefield 4 pamoja na wenzangu. Nimeona kwamba kila mchezo una namna yake ya kukichukulia kiwambo cha sauti, yaani kifaa kinachofungwa kwenye bunduki ili kupunguza kishindo chake. Katika Battlefield 4, nikikifunga kwenye mdomo wa mtutu, kasi ya risasi hupungua na hunilazimu kulenga juu zaidi adui anapokuwa mbali. Katika Arma 2, bunduki zenye kiwambo zina magazini (vikasha vya risasi) zao maalumu, na risasi zake hushuka sana hata kabla ya kufika mita 200. Katika Arma 3 sioni tofauti ya maana mahali risasi inapotua. Halafu kuna Call of Duty: Modern Warfare ya mwaka 2019, ambamo kiwambo kimojawapo huongeza umbali ambao risasi hubaki na nguvu zake.

Haiwezekani yote hayo yakawa sahihi kwa wakati mmoja. Ninaandaa misheni ya kikundi chetu ambamo askari wachache watapaswa kusogea bila kugunduliwa na kupiga shabaha zilizo kati ya mita 100 na 300, na ningependa kuwaeleza walenge wapi na kwa sababu gani. Je, katika bunduki halisi kiwambo hubadilisha mwendo wa risasi kwa kiasi gani?

Baruti_Kavu amejibu:

Ndugu Mlenga_Shabaha, kiwambo cha kawaida kinachofungwa mbele ya mtutu hakipunguzi kasi ya risasi. Ndani yake mna vyumba vilivyotenganishwa kwa visahani vyenye tundu katikati, na tundu hilo ni pana kidogo kuliko risasi, hivyo risasi hupita bila kugusa kitu. Kinachozuiliwa ni gesi ya baruti inayoifuata: hutawanyika katika vyumba hivyo, hupoa, na hutoka nje taratibu badala ya kulipuka kwa mkupuo. Ndivyo kilivyofanya kazi tangu Hiram Percy Maxim alipopata hataza yake nchini Marekani mwaka 1909. Viwambo vingine vya zamani vilikuwa na vipande vya mpira vilivyogusana na risasi, na hivyo viliharibu shabaha, lakini muundo huo si wa kawaida leo.

Kwa kweli kasi mara nyingi huongezeka kidogo, kwa sababu gesi inaendelea kuisukuma risasi ikiwa bado imo ndani ya kiwambo. Ongezeko hilo ni la mita chache tu kwa sekunde, na kwa risasi inayotoka kwa takriban mita 900 kwa sekunde huwezi kuliona kwenye shabaha. Kwa hiyo Call of Duty imeelekea upande ulio sahihi, ila imetia chumvi nyingi mno.

Kinachochanganya watu ni aina ya risasi. Bunduki ina kelele mbili: mlipuko wa gesi mdomoni, ambao kiwambo huupunguza, na mpasuko unaotokana na risasi kupita hewani kwa kasi inayozidi ile ya sauti. Kasi ya sauti ni takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20 za Selsiasi. Mpasuko huo haufutwi na kiwambo chochote, kwa sababu unazaliwa njiani na si kwenye bunduki. Anayetaka ukimya wa kweli hana budi kutumia risasi inayokwenda chini ya kasi hiyo, na hapo ndipo mwendo wa risasi unapobadilika kabisa.

Risasi iliyopunguzwa kasi hadi theluthi moja hubaki na sehemu moja tu kati ya tisa ya nishati yake, kwa kuwa nishati hufuata mraba wa kasi. Risasi ya milimita 5.56, yenye uzito wa gramu 4, huwa na jouli zipatazo 1,600 inapokwenda mita 900 kwa sekunde. Kwa mita 300 kwa sekunde zingebaki 180 tu, na bunduki nyingi za aina hiyo zingeshindwa hata kujipakia zenyewe. Ndiyo maana risasi zilizobuniwa kwa ajili ya ukimya ni nzito. Ile ya Kisovieti ya 9x39, inayotumiwa na bunduki za VSS na AS Val, ina gramu zipatazo 16 na huenda kwa takriban mita 290 kwa sekunde.

Zipo pia bunduki chache ambazo mtutu wake wenyewe hupunguza kasi. MP5SD ya Ujerumani ina matundu kwenye mtutu, yaliyofunikwa na kiwambo kilicho sehemu ya bunduki yenyewe, na gesi huvujia humo ili risasi ya kawaida ya milimita 9 itoke chini ya kasi ya sauti. Nadhani wabunifu wengi wa michezo wamechukua sifa ya bunduki kama hiyo wakaibandika kwenye kila kiwambo, jambo ambalo si sahihi.

Fundi_wa_Modi amejibu:

Naunga mkono maelezo ya Baruti_Kavu, nami niongeze upande wa michezo yenyewe. Arma 2 iliamua kwamba bunduki yenye kiwambo hupewa risasi za polepole, na ndiyo sababu ya magazini zile maalumu. Arma 3 ilikifanya kiwambo kuwa kifaa unachofunga na kufungua wakati wowote, na faili lake la mipangilio lina vizidishi vinavyoamua kishindo kinasikika umbali gani na mwale wa moto unaonekana umbali gani kwa maadui wanaoendeshwa na kompyuta. Risasi inabaki ileile, hivyo hukukosea kuona kwamba inatua palepale.

Battlefield 4 ina sababu nyingine. Humo mchezaji anayefyatua bila kiwambo huonekana kwenye ramani ndogo ya wapinzani, na mwenye kiwambo haonekani. Faida hiyo ni kubwa mno kutolewa bure, kwa hiyo inalipiwa kwa kasi ya risasi. Ni uamuzi wa haki kati ya wachezaji, nami nauheshimu, ila usiutumie kumfundisha mtu namna bunduki inavyofanya kazi.

Jambo ninalosikitika kuliona likiachwa na michezo mingi ni kuhama kwa shabaha. Uzito unaoning'inia mwishoni mwa mtutu hubadilisha namna mtutu unavyotikisika, na risasi huanza kutua pembeni kidogo au chini kidogo ya pale zilipokuwa zikitua. Aidha, gesi iliyozuiliwa hurudi nyuma, bunduki hufyatua kwa haraka zaidi, na moshi humwendea mlengaji usoni. Mambo haya yangekuwa gharama ya kweli ya kiwambo bila kuigusa kasi ya risasi.

Mlenga_Shabaha ameandika:

Nawashukuru sana. Naomba ufafanuzi mmoja zaidi: ikiwa nitawapa askari wangu viwambo na risasi za kawaida, je, adui aliye mita 300 atajua anapigwa kutoka wapi?

Baruti_Kavu amejibu:

Atajua kwamba anapigwa, lakini atapata shida kujua kutoka wapi. Bila kiwambo, askari aliye mita 300 husikia kwanza mpasuko risasi inapompita, kisha karibu nusu sekunde baadaye husikia kishindo cha bunduki. Kishindo hicho cha pili ndicho kinachomwonyesha alipo mlengaji. Kiwambo kikikidhoofisha, hubaki mpasuko peke yake, nao hupotosha, kwa sababu sikio huuelekeza mahali fulani kwenye njia ya risasi, si kwenye bunduki. Arma 3 ina sauti hiyo ya mpasuko, kwa hiyo wachezaji wako wataisikia wakipigwa.

Kwa umbali wako, wape risasi za kawaida na uwaambie walenge kama walivyozoea. Ukiamua kuwapa zile za polepole, wasipige mbali kupita mita 100. Hata tukiuacha ukinzani wa hewa, risasi ya mita 300 kwa sekunde huwa imeshuka sentimita 55 kutoka mstari wa mtutu inapofika mita 100, mita 2.2 inapofika mita 200, na karibu mita 5 inapofika mita 300. Katika umbali huo wa mwisho huwa imechukua sekunde nzima hewani, na adui anayetembea huwa ameshahama mahali ulipomlenga.