Usaili wa nne umeisha, sasa wananiuliza mshahara. Niandike ngapi?

Binti Igoma:
Habari za jioni wakuu. Niko Mwanza, afisa ugavi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, mwaka wa nne huu. Januari niliomba kazi kampuni moja kubwa ya Dar. Kwanza mtihani wa kompyuta, maswali 40 kwa dakika 30, namba na mafumbo ya maumbo. Kisha simu ya dakika kumi. Kisha jopo la watu watano: nimepanda basi Nyegezi alfajiri, nimeshuka Mbezi usiku, kesho yake saa tatu niko mbele yao macho mekundu. Nauli yangu mwenyewe.

Swali lililonipa raha: mzigo umefika katoni 480, ankara inasema 500, dereva ana haraka, utafanyaje? Nikasema napokea 480, naandika 480, na dereva anasaini upungufu kabla geti halijafunguliwa. Mzee mmoja wa pembeni, kimya tangu mwanzo, akacheka akaandika kitu. Hayo yananikuta kila wiki, sikuhitaji kukariri.

Wiki iliyopita mkuu wa idara kanihoji kwa video. Leo imekuja fomu: mshahara unaotarajia, na namba ya bosi wangu wa sasa kama mdhamini. Kwa sasa nalipwa laki nane na nusu kabla ya makato. Nataka laki saba na nusu ziingie mkononi. Niandike 750,000? Na bosi nimtaje? Akijua nataka kuondoka halafu hawa wakanikataa, nimekwisha.

Kobe Mtulivu:
Andika "tutaelewana" ujiokoe.

Mzee wa Leja:
Kobe, fomu nyingi za mtandaoni hazipokei maneno, zinataka tarakimu. Mdogo wangu, ukiandika 750,000 umejishusha chini ya unacholipwa leo! Wanaulizia kabla ya makato. Chukua mfano wa 1,200,000. NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10 yako, 120,000. Inayobaki kutozwa kodi ni 1,080,000, PAYE, yaani kodi ya mshahara, 152,000. Ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi? Asilimia 15, hiyo 180,000. Mkononi inabaki 748,000, ndiyo hiyo unayoitafuta. Kama deni la Bodi ulishamaliza, 928,000. Ulizia pia kama posho ya nyumba iko nje ya mshahara, maana wengine wanaikunja humo humo.

Shangazi wa Mafaili:
Nimekaa ofisi ya rasilimali watu miaka tisa. Bosi wa sasa usimtaje, mwanangu. Andika "apigiwe baada ya ofa ya maandishi", hakuna atakayeshangaa, tunayaona kila siku. Weka msimamizi wako wa zamani. Na barua ya kuacha kazi isiguse meza ya mtu mpaka mkataba uwe na sahihi za pande zote. Muda wa majaribio usome kwa makini: ukiwa hujatimiza miezi sita kazini, kinga ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 dhidi ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu. Watu wanaacha kazi ya miaka wakidhani wanahama na kinga yao.

Binti Igoma:
Asanteni sana. Mzee wa Leja, nimeona aibu: ankara za watu nakagua kutwa, yangu ikanishinda. Bodi bado nalipa. Nimeandika 1,300,000 ili wawe na pa kukata. Mdhamini nimemweka msimamizi wangu aliyehamia Bukoba, nimempigia akauliza, "Nisifie nini, niambie mapema." Shangazi, kwenye nafasi ya bosi nimeweka maneno yako vilevile, fomu ikapokea.

Kobe Mtulivu:
Ukipata, ile nauli ya basi waidai.

Binti Igoma:
Nauli nilishaifuta kwenye daftari. Sasa kila simu ya 022, namba za mezani za Dar, inanidundisha moyo. Ya leo asubuhi ilikuwa benki, wananiuliza kama nataka mkopo.