Kurekodi maisha ya mzee aliyepigana Kagera kisha akawa polisi: tarehe hazikai sawa

MwanaBugene

Wakuu, habari za leo.

Naomba msaada wa waliozoea kazi hii. Nataka kuandika maisha ya baba mkubwa. Vita vya Kagera (Tanzania dhidi ya Uganda ya Idi Amin, 1978 hadi 1979) aliingia akiwa mgambo, baada ya hapo akajiunga na Jeshi la Polisi hadi kustaafu. Akili bado timamu na ameridhia kuongea.

Nimekwama kwenye tarehe. Anasema waliingia Masaka, kule Uganda, wakati wa sikukuu ya Krismasi, wakati kila ninaposoma ni Februari 1979. Nimwambie amekosea? Halafu nikimuuliza vita vilikuwaje, jibu ni "ilikuwa kazi tu", anakaa kimya. Pia ana bahasha ya picha na barua za zamani ambazo dada yangu anataka kuzipeleka stationari zikapigwe laminesheni. Kifaa nilicho nacho ni simu ya kawaida.

Afisa Nyaraka

Mkuu, mzuie dada kwanza, mengine yatafuata. Laminesheni ni joto na gundi. Picha ya miaka ya 70 ikishapita kwenye mashine ile haitoki tena, na ikiharibika ndani ya plastiki huna la kufanya. Barua zilizoandikwa kwa wino huweza kufifia au kuchafuka, na muhuri wa jeshi ndio unaotaka usomeke.

Fanya hivi. Nawa mikono, ikauke. Toa pini na klipu zenye kutu taratibu, usizing'oe. Skani nyaraka kwa dpi 300 (nukta kwa inchi), na zile picha ndogo za pasipoti kwa dpi 600, maana baadaye utataka kukuza uso au kusoma beji ya begani. Skani na mgongo wa picha pia: mara nyingi jina la mahali au la mwenzake limeandikwa huko kwa kalamu. Picha iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige ikiwa humohumo, karibu na dirisha, simu ikiwa imeinama kidogo ili mwanga usirudi kwenye lenzi.

Ukimaliza, kila karatasi iingie kwenye bahasha yake ya karatasi (siyo mfuko wa nailoni, unashika unyevu), kisha zote kwenye boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni. Andika kwa penseli juu ya bahasha kabla ya kutia kitu ndani.

Ramani Kwanza

Usimwambie amekosea. Mzee akisahihishwa mara moja mbele ya watu, kuanzia hapo atakupa vita vya redioni, vile kila mtu anavyovijua, na vya kwake atabaki navyo. Askari hukumbuka mahali, mvua, njaa na aliyekuwa naye ubavuni. Mwezi na tarehe hukumbukwa mwisho, na kuvitafuta ni kazi yako wewe.

Chora mstari kwenye daftari na uweke vituo hivi: 30 Oktoba 1978 majeshi ya Amin yanaingia Kagera. 2 Novemba Mwalimu anahutubia taifa. Siku hizohizo daraja la Kyaka linalipuliwa. Januari 1979 Mutukula, mji wa mpakani, inachukuliwa. 24 Februari Masaka, na Mbarara siku zilezile. 10 na 11 Machi Lukaya, kwenye njia ya Masaka kwenda Kampala. 7 Aprili Entebbe, 11 Aprili Kampala. 3 Juni majeshi yetu yanafika mpaka wa Sudan. Daftari libaki kwako, usimwoneshe.

Sasa hiyo Krismasi. Desemba 1978 majeshi yetu yalikuwa bado hayajaingia Uganda. Basi huenda kumbukumbu mbili zimeshikana, au sikukuu anayoikumbuka ni Pasaka, ambayo mwaka 1979 ilikuwa 15 Aprili, siku nne tu baada ya Kampala. Muulize: siku hiyo mlikula nini? Padri alikuwepo? Mto Kagera ulikuwa mbele yenu au nyuma? Mutukula mlikuwa mmeshaipita? Majibu hayo yatakupa tarehe bila kumbishia. Kwenye maandishi acha maneno yake yalivyo, na maelezo yako yaende chini ya ukurasa.

La pili ni kikosi. Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii huharibikia, kwa sababu mwandishi anachukua habari za kitabuni na kumvisha mzee ambaye hakuwepo hapo. Aliyepita Masaka kwenda Lukaya na aliyekwenda njia ya Mbarara hawakuona vita vilevile. Muulize brigedi: 201, 206, 207 au 208? Kama hakumbuki namba, huenda anakumbuka kamanda. 201 ilikuwa ya Imran Kombe, 206 ya Silas Mayunga, 207 ya John Walden, 208 ya Mwita Marwa. Kisha teremka: kombania, platuni, jina la kamanda wa platuni. Na kwa kuwa alikuwa mgambo, uliza aliandikishwa wilaya gani na alifunzwa wapi, wiki ngapi, kabla ya kupelekwa mbele.

Nakusisitiza Lukaya. Brigedi ya 201 ilikuwa na mgambo wengi, na ndiyo iliyopokea pigo la kwanza la vifaru na makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Ilitawanyika kabla ya 208 kuzunguka na kushambulia kutoka upande wa barabara ya Kampala alfajiri iliyofuata. Kama mzee alikuwa pale, huenda akaona aibu kusema walirudi nyuma. Msikilize bila kushtuka, wala usimpambie. Simulizi ya mgambo wa kijijini aliyekutana na makombora yale kwa mara ya kwanza ni adimu, na ina haki ya kuandikwa kama ilivyokuwa.

Kuhusu "ilikuwa kazi tu": swali pana hupata jibu fupi. Uliza viatu vilikuwa vya aina gani. Nani alipika. Maji mliyachota wapi. Usiku wa kwanza baada ya kuvuka mpaka ulilala wapi. Barua ya nyumbani ilifikaje. "Uliua wangapi" usiulize kamwe, hata kwa utani. Akitaka kulizungumzia atalileta mwenyewe, na siku hiyo usimkatize.

Mwisho, pembeni mwa kila habari weka alama: aliona mwenyewe, aliambiwa na mwenzake, au alisikia baadaye. Bila alama hizo, baada ya mwaka hata wewe hutatofautisha.

Sauti Safi

Simu ya kawaida inatosha. Weka hali ya ndege ili mtu asipige katikati. Chagua WAV (faili la sauti lisilobanwa) kama programu inaruhusu. Saa moja ya mono (chaneli moja ya sauti) kwa 44.1 kHz, biti 16, inakula takribani MB 320, kwa hiyo hakikisha nafasi kabla. Simu ikae kama sentimita 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, maana mezani kila kikombe kinachowekwa kinasikika kama nyundo. Zima feni na redio. Chini ya bati mvua ikianza, ahirisha.

Rekodi dakika moja, isikilize, ndipo uanze. Taja tarehe, mahali na majina ya waliopo. Vipindi viwe vya dakika 45 hadi 60, asubuhi. Jioni wazee wengi huchoka, na habari za vita zikiguswa usiku usingizi unaweza kupotea. Nakala ziwe tatu mahali tofauti siku hiyohiyo, mojawapo nje ya nyumba hiyo.

Awe peke yake kwanza. Ukiwakusanya wazee watatu, mwenye cheo kikubwa ndiye atakayesimulia na wengine wataitikia.

MwanaBugene

Asanteni sana, laminesheni imesitishwa. Je, miaka ya polisi niiendeeje? Kuna mambo anasita, anasema ni siri ya kazi.

Mkaguzi wa Zamu

Ndugu, maisha ya polisi yafuate kwa uhamisho. Anza na depo, yaani mafunzo ya mwanzo: aliingia mwaka gani, kozi ya awali CCP Moshi (chuo cha polisi) ilikuwa chini ya nani. Kisha kituo kwa kituo: cheo alichofika nacho, alichoondoka nacho, alipanga wapi, watoto walisoma shule gani. Barua za uhamisho na za kupandishwa cheo ndizo ushahidi. Namba yake iandike pamoja na herufi ya mbele (D, E, F na kuendelea), kwa kuwa herufi ilisogea kadiri miaka ilivyokwenda, hivyo inakusaidia kukisia kipindi alichoingia.

Miaka ikipotea, tumia matukio: msako wa wahujumu uchumi 1983, kifo cha Sokoine 12 Aprili 1984, vyama vingi 1992, kuzama kwa meli ya MV Bukoba 21 Mei 1996, bomu la ubalozi wa Marekani Dar 7 Agosti 1998, msiba wa Mwalimu Oktoba 1999. "Wakati MV Bukoba inazama ulikuwa kituo gani?" Hapo atajibu papo hapo.

Kuhusu siri, yuko sahihi, muunge mkono. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 si ya kuchezea, na kustaafu hakumfanyi awe huru kusema kila alichokijua kazini. Ghala la silaha, mpangilio wa kambi, mbinu za upelelezi: ruka. Majina ya watoa habari yasitamkwe hata kwenye rekodi, kwa sababu simu huibiwa. Waathirika wa ubakaji, watoto, na washukiwa ambao mahakama haikuwatia hatiani usiwataje kwa majina wala kwa kijiji. Kinachobaki ni kingi: doria za miguu, lindo la usiku, kesi iliyokufa kwa kukosa shahidi, mshahara uliochelewa.

Andika karatasi moja ya ridhaa: nani asome sasa, nani asome baada yake, kipi kisitoke nje ya familia. Asaini au aweke dole gumba, na shahidi mmoja. Na mama mkubwa naye mrekodi, siku yake peke yake. Kila uhamisho yeye ndiye aliyefunga mizigo, na miaka ya kuzaliwa watoto ataijua kuliko mzee.